Iache Ipoe

Mara ya kumi na nne wiki hii nimeanguka,
wala si kwa risasi.
Ndege ya vita vya mababu, bati na ribiti,
nimeichemsha mwenyewe kama chungu kilichosahauliwa jikoni,
na majirani hapa Newala hawakusikia kitu
ila feni ya kompyuta ikipiga mluzi chumbani kwangu.

Hakuna anayekuambia hili unapoanza:
adui yuko nyuma ya mgongo, sawa,
lakini geji ya joto iko mbele ya macho,
na mshale wake, mwembamba kama mguu wa nzi,
hauna haraka.
Mia na tano. Mia na kumi.
Ukifungua mlango wa rejeta, upepo unakushika shati.
Ukiufunga, unakimbia vizuri sana kuelekea kifo.
Panga la mbele lina pembe yake, mafuta yana kipimo chake,
na huko juu hewa ni nyepesi, injini inaivuta
kama mgonjwa anayekunywa uji kwa mrija.

Juzi umeme ulikuwepo tangu alasiri.
Shangazi Somoe akaingia na sahani ya ming'oko,
akaketi kitandani kwangu, akaanza kumenya.
Macho yake yamefifia; kioo kwake ni samawati inayochezacheza.
Lakini miaka ishirini na sita alilinda mtambo wa dizeli bondeni,
ule uliosukuma maji yapande ukingo hadi huku kwetu,
maji yasiyopenda kupanda,
na masikio yake hayajastaafu.

"Nani huyo unayemkimbiza?"
Adui, nikasema. Yuko pale, juu kidogo, nakaribia kumpata.
"Mwache. Mashine yako inakoroma."
Shangazi, bado kidogo tu.
"Chande. Inakoroma. Punguza resi."

Nikapunguza.
Nikautazama mkia wa adui ukisinyaa, ukawa nukta,
ukawa kitu cha mtu mwingine.
Nikafungua rejeta, nikainamisha pua,
nikarudisha panga kwenye mizunguko elfu mbili na mia mbili,
na chini yangu bonde likafunguka
kama pale Shimo la Mungu, asubuhi ukungu unapochanika
na Ruvuma inaonekana kwa mbali,
uzi ulioangushwa na fundi cherehani.

Akafumba macho.
"Sasa," akasema. "Sasa inapumua."
Akanisimulia, mdomo umejaa,
usiku ule mkubwa mmoja alipotaka maji kwa ajili ya mgeni wake,
akaamuru mtambo upigwe hadi mwisho.
Nambunga, mwenzake wa zamu, akatii.
Injini ikanoki saa nane za usiku.
Mgeni alioga ndoo moja.
Sisi wengine tulibeba ndoo vichwani miezi miwili.
"Mimi nilikuwa likizo," akasema,
kama anayekiomba radhi chuma.

Mshale ukashuka. Tisini na nane. Tisini na mbili.
Nikageuza kurudi kiwanjani bila kupiga hata risasi moja,
alama zangu sifuri, viganja vikavu
kwa mara ya kwanza tangu niuanze ujinga huu.
Nikaiona njia ya nyasi. Nikashusha magurudumu.
Shangazi akaacha kutafuna,
alikuwa amesikia upepo ukibadilika sauti chini ya mabawa,

umeme ukakatika.

Feni ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza.
Nje mtu akatukana, mwingine akamcheka.
Nikangoja pole gizani. Nikangoja walau mguno.
Nikasikia ganda la mng'oko likidondoka kwenye sahani,
kisha sauti yake, ina wasiwasi wa kweli:

"Umezima ghafla hivyo?
Hukuiacha ipoe?"